Masomo ya Sayansi Yasiishie Mlangoni pa Shule

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo



Katika skimu zetu, nyumba nyingi zina mtu mmoja aliyefundishwa habari za udongo, maji, mimea na wadudu, naye haulizwi neno. Mtu huyo si ofisa wa kilimo, wala si mwuza mbegu. Ni mtoto wa shule. Asubuhi hutoka na daftari, jioni hurudi na daftari, na yaliyomo hubaki humo humo mpaka siku ya mtihani. Mtihani ukiisha, daftari huwashiwa moto jikoni.

Maoni yangu ni kwamba hasara hii ni kubwa kuliko ya panya ghalani, nayo yaweza kukomeshwa bila fedha. Nasema hivyo kwa sababu mbili. Nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, kwa hiyo nayajua mambo yanayofundishwa darasani. Tena kazi yangu ya sasa ni kuandika katika kitabu cha ofisi shida za wakulima wanaokuja kuuliza, kwa hiyo nayajua yanayowasumbua nyumbani. Mara nyingi jibu la yule anayeuliza ofisini limekwisha kuandikwa katika daftari la mtoto wake.

Insha ya binti mmoja

Hivi karibuni mwalimu mmoja wa upande wa Nyandarua alituletea insha ya mwanafunzi wake wa kike wa gredi ya 8, mtoto wa mkulima wa skimu. Wanafunzi waliambiwa waandike waliyojifunza katika sayansi na habari za mazingira, kisha waeleze wanavyofikiri wenyewe. Sitamtaja binti huyu jina wala shule yake, maana aliyoyaandika yahusu nyumba nyingi, si ya kwao peke yake.

Alitaja mambo matatu yaliyompendeza: kupima mvua, kutambua ugonjwa wa viazi kwa glasi ya maji, na kupima matope yanayobebwa na maji ya mvua. Kisha akaeleza jambo linalomsumbua. Nyumbani, akitaja jambo la sayansi huambiwa kwamba hakupelekwa shuleni ili arudi kuwafundisha wazazi kulima. Shuleni nako, mwanafunzi akichelewa au akipiga kelele, hupewa jembe akalime shamba la shule kuwa adhabu. Basi yeye auliza: ikiwa nyumbani sayansi ni utovu wa adabu, na shuleni kulima ni adhabu, mambo hayo mawili yatakutana wapi?

Hilo ni swali la haki, nalo lataka jibu la watu wazima wa pande zote mbili. Lakini kwanza na tutazame kama hayo aliyojifunza yana faida yoyote kwa mwenye shamba.

Mvua yako ni lita ngapi?

Kipimo cha mvua cha shule si kitu kigumu. Ni mkebe wenye kuta zilizonyooka, uliowekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, pamoja na rula ya milimita. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi husoma, huandika, na kumwaga maji. Wengi wetu tukiona hivyo twadhani ni mchezo wa watoto.

Sasa tazameni hesabu yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Ekari moja ni mita za mraba zipatazo 4,047. Basi mvua ya milimita 25, ambayo ni kama inchi moja ya zamani, humwagia kila ekari zaidi ya lita 100,000. Hiyo ni mitungi ya lita 20 ipatayo 5,000. Mama anayechota mitungi sita kwa siku angechota zaidi ya miaka miwili ndipo ayafikie maji ya mvua hiyo moja.

Paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 hupokea lita 1,500 kwa mvua hiyo hiyo. Hata tukiondoa kiasi kinachomwagika, yanabaki maji mengi ya kunywesha ng'ombe wa maziwa. Mkulima anayejua hesabu hii hasemi tu kwamba mwaka huu mvua ilikuwa nzuri au mbaya. Husema ilikuwa milimita ngapi, ilianza tarehe ngapi, na ilikatika lini. Baada ya miaka mitano daftari la namna hiyo litamsaidia kuchagua siku ya kupanda kuliko uvumi wa sokoni.

Glasi ya maji na kiazi kinachonyauka

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwa sisi wa nchi ya viazi. Mmea wa kiazi ukinyauka mchana hali udongo una unyevu, wakulima wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Wananyunyiza mara moja, mara mbili, mara tatu, na mmea unakufa. Fedha zimekwenda, na ugonjwa umebaki.

Mtoto amefundishwa njia ya kuujua ugonjwa huo. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kisha ukining'inize ndani ya glasi yenye maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji. Ngoja dakika chache bila kuitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Bakteria si ukungu, na dawa ya ukungu haiwezi kuwaua. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mmea uliokwisha kushikwa.

Lililobaki ni kuzuia. Ng'oa mmea mgonjwa pamoja na viazi vyake, usiutupe mtoni wala katika shimo la samadi. Osha jembe na viatu kabla ya kuingia upande mwingine. Usirudishe viazi wala nyanya mahali hapo kwa misimu kadhaa; panda mahindi, ngano au nyasi, na kung'oa kila kiazi kitakachojiotea. Msimu ujao tafuta mbegu safi iliyokaguliwa. Tena kumbuka kwamba maji ya mvua hubeba bakteria hao kutoka shamba la juu hadi la chini. Kwa hiyo ugonjwa wa kwako kesho ni wa jirani, na wa jirani aliye juu yako ni wako.

Binti huyu alifanya jaribio hilo darasani na kuona nyuzi hizo kwa macho yake. Alitamani kulifanya kwao, maana viazi vya kwao vilikuwa vinanyauka. Glasi ilikuwapo na maji yalikuwapo. Ruhusa tu ndiyo iliyokosekana.

Matope ndani ya chupa

Jambo la tatu ni la chupa mbili. Wanafunzi walikinga maji ya mvua katika mtaro ulio chini ya shamba la viazi lisilo na matuta, na chupa ya pili wakakinga chini ya mahali penye nyasi. Wakaziacha usiku kucha matope yatuame, asubuhi wakapima kwa rula. Kila mmoja wenu aweza kukisia chupa ipi ilikuwa na matope mengi. Lakini kukisia ni kitu kimoja, na kuona kwa rula ni kingine.

Matope hayo ndiyo udongo wa juu, wenye samadi uliyoibeba mgongoni na mbolea uliyoinunua kwa fedha. Ukipoteza unene wa milimita 1 tu katika ekari moja, umepoteza tani 4 au zaidi za udongo. Kwa macho hutaona kitu. Baada ya miaka kumi utaona mawe, na utasema mbegu za siku hizi ni mbovu.

Udongo huo haupotelei hewani. Mto Malewa, unaopokea maji ya upande wetu, huingia Ziwa Naivasha, na matope ya mashamba yetu huenda nao. Ndiyo sababu kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa kwa upana usiopungua mita 6. Wengi waliona kwamba Serikali imewanyang'anya kipande cha shamba. Lakini kipande hicho kikipandwa nyasi za nepia au nyingine za kukata hulisha ng'ombe, na shamba lenyewe hubaki mahali pake.

Kwa nini wazee wana mashaka

Sasa nitasema neno la kuwatetea wazee, maana mashaka yao hayakuzuka hivi hivi.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, ikashauri shule za Waafrika zikaze mafundisho ya kilimo na kazi za mikono. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa huko Kabete kwa nia hiyo. Wazazi wengi wa siku zile walijiuliza kwa nini watoto wa Wazungu hupewa vitabu na watoto wao hupewa majembe. Swali lao lilikuwa na msingi. Walijua kwamba aliyesoma vitabu ndiye aketiye mezani, naye aliyefunzwa jembe tu hubaki chini ya amri.

Kisha katika miaka ya 1940 watu wa Murang'a na mahali pengine walilazimishwa kuchimba matuta. Watu walitolewa majumbani kwa amri ya machifu wakafanye kazi hiyo, hata mwaka 1948 wanawake wa Murang'a wakakataa. Matuta hayakuwa jambo baya. Ubaya ulikuwa ile amri isiyo na maelezo. Upande wa Machakos, baadaye watu walichimba matuta wenyewe kwa vikundi vya mwethya, kwa sababu waliona faida yake, na milima iliyokuwa imekwisha kuharibika ikaanza kuzaa tena.

Wazee wetu waliopewa mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, walikuwa wameyaona hayo yote. Basi mzee akimwambia mtoto kwamba shule ni ya kalamu na si ya jembe, anasema alilofundishwa na historia.

Lakini hali imegeuka. Shamba la ekari 30 alilopewa babu laweza leo kuwa limegawanywa kwa wana na wajukuu, na mjukuu akawa na ekari 2. Ekari 30 ziliweza kuvumilia ujinga kidogo. Ekari 2 haziwezi. Siku hizi sayansi haimrudishi mtoto kwenye jembe ili akose kalamu. Yamsaidia kuishi na jembe na kalamu pamoja.

Tena tazameni mfano wa mtu tunayemjua sote. Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe huko Nyeri. Alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni za mti wa mugumo, akamwambia ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito. Baadaye Wangari alikwenda Marekani akasoma elimu ya viumbe. Aliporudi, mti ulikuwa umekatwa, na kijito kimekauka. Hapo akafahamu kwamba mizizi ya mti ilikuwa ikishika udongo na kusaidia maji kuingia chini. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Mama yake alilijua jambo kwa desturi, naye akaijua sababu yake kwa sayansi. Desturi bila sababu mtu wa kizazi kipya huidharau. Sababu za darasani nazo, mwanafunzi asipoonyeshwa penye mti na kijito, huzisahau.

Jembe lisiwe kiboko

Sasa nawageukia walimu wenzangu wa zamani. Kiboko kilikatazwa shuleni mwaka 2001. Katika shule nyingine jembe lilishika nafasi yake. Mtoto aliyefanya kosa hupimiwa kipande cha kulima, na wenzake humpita wakimcheka. Kwa muda wa miaka mingi mtoto huyo hufundishwa kwa vitendo kwamba kulima ni kazi ya mkosaji. Saa tano akiingia somo la kilimo, mwalimu humwambia kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa nchi. Je, ataamini maneno au atayaamini mambo anayotendewa?

Naelewa shida za mwalimu. Darasa ni kubwa, na mwenye makosa lazima aonywe. Lakini yako makosa mengi na adhabu nyingi, na shamba si lazima liwe mojawapo. Shamba la shule liwe mahali ambapo mtoto hupewa nafasi kwa sababu amefanya vizuri. Na mazao yake yahesabiwe mbele ya wanafunzi, ili wasifikiri kwamba wanamlimia mwalimu mkuu.

Njia yenyewe si ngeni kwetu. Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962, na kila mwanachama alijifunza kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Vilififia kwa miaka mingi, vikafufuliwa mwaka 2021. Tena katika mtaala wa umilisi, ulioanza kuenezwa nchini kote mwaka 2019, kilimo kimerudi kuwa somo lenye saa zake. Mlango umefunguliwa. Kazi yetu ni kuingia.

Ushauri wangu

Wengine watasema mtoto hana ujuzi, na akiachiwa atawaharibia msimu. Ni kweli kwamba hana ujuzi wa miaka. Kwa hiyo sisemi apewe shamba lote. Nashauri mambo manne.

Kwanza, kila mzazi ampe mtoto wa shule kipande cha hatua kumi kwa kumi. Hapo afanye majaribio yake. Nusu atie samadi na nusu asitie, kisha apime mavuno kwa mizani. Apande maharagwe, ang'oe mmea mmoja unapotoa maua, apasue vifundo vya mizizi: vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi ya kutia naitrojeni, vikiwa vyeupe au vya kijani, kazi hiyo haifanyiki. Kabla ya kupanda mahindi ahesabu mbegu 100, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku saba ahesabu zilizoota. Jaribio likishindwa, umepoteza hatua kumi. Likifaulu, umepata mwalimu nyumbani. Na kipande hicho apewe binti sawasawa na mvulana. Akiolewa au akibaki, maarifa yake hayagawanywi kama ekari.

Pili, mzazi amwulize mtoto swali moja kila juma kuhusu alilojifunza, naye ampe jibu la yale aliyoyaona kwa miaka yake. Mzee ajuaye upepo unaoleta baridi kali ya kuunguza viazi ana sayansi pia, ila haijaandikwa. Mtoto na aiandike.

Tatu, ninyi watoto mnaosomewa gazeti hili, shikeni adabu. Asemaye mbele ya watu, "Baba, unakosea," hajafundisha neno. Asemaye faraghani, "Baba, niruhusu nijaribu kipande kidogo tuone," atapewa nafasi. Sayansi yenyewe yataka mtu ajaribu kwanza ndipo aseme.

Nne, kila shule iwe na siku moja katika muhula ambayo wanafunzi wataonyesha wazazi glasi, chupa na mikebe yao. Isiwe siku ya hotuba wala ya kuchangisha fedha. Wazazi waje na viazi vyao vinavyonyauka, na watoto wavipime papo hapo. Ofisa wa kilimo aalikwe. Ofisa mmoja ana mamia ya wakulima, hawezi kufika kila boma kila msimu. Lakini watoto wamo katika kila boma.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Binti yule aliuliza mambo yale mawili yatakutana wapi. Mimi naona yatakutana katika kile kipande cha hatua kumi, ikiwa baba na mama watakubali kukikata, na mwalimu atakubali kukitembelea.

Mvua za masika hazingoji mtu. Tafuteni mkebe na rula sasa, mwekeni mtoto mmoja wa kuandika, na mwisho wa kila mwezi mlete hesabu hizo ofisini. Nitaziandika katika kitabu, jina la mtoto mbele na la mzazi nyuma yake.